Televisheni ya Shamba la Ngano

Kitu cha kwanza Konsolata alichokiona alipoanza kufagia ofisi za shamba la ngano la serikali ni kwamba pale watu walicheka kwa cheo. Meneja alianza, mhasibu akafuata, karani akamalizia. Zamu ya mfagiaji ilipofika, kicheko kilikuwa kimeshafungwa.

Kwa hiyo hakucheka. Ndipo likatoka tangazo kuu: shamba linaanzisha Idara ya Vichekesho na Burudani za Televisheni, na mtayarishaji wake ni Konsolata, "kwa kuwa hajawahi kuonekana akifanya mzaha wakati wa kazi." Kwamba Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo cha televisheni, hilo lilikuwa suala la utekelezaji. Mafundi walichukua kreti kubwa la vipuri vya kombaini ya kuvunia, wakalikata dirisha mbele, wakatia kibao cha kulifungia na komeo kwa nje. Mchekeshaji ataingia ndani, wananchi watatazama.

Meneja alikagua vichekesho vyote. Cha karani mlala-kazini kikafutwa. Cha trekta bovu kikafutwa. Ikabaki hotuba yake.

"Mgeni wa wizarani asipocheka," alimwambia Konsolata, "unaenda shambani kufukuza ndege."

Siku ikafika. Mgeni na wafanyakazi walikaa mbele, wafugaji wa kijiji jirani cha Gehandu nyuma. Uso wa meneja ukajaa dirishani.

"Ndugu wananchi, uzalishaji..."

"Ngoja kwanza," alisema mzee Margwe, mmoja wa wafugaji, akisimama na fimbo yake. "Kijana, shikamoo yangu iko wapi?"

Meneja akakaza macho mbele. "Televisheni haisikii."

"Haisikii, ila inajibu?"

"Haijibu!"

Mzee akasogea hadi kwenye kreti. "Baba yako alinisalimu hata akiwa juu ya punda. Wewe sandukuni unashindwa?"

"Uzalishaji wa ngano..."

"Basi naizima." Akashusha kibao, akapiga komeo. Hotuba ikaendelea gizani.

Mgeni alicheka mpaka kofia ikadondoka. Wengine walimsubiri wa pili kwa cheo. Ndani ya kreti, polepole, kikasikika kicheko cha meneja: "He. He. He." Mhasibu akafuata. Konsolata alikuwa ameshaanza, bila kungoja zamu.

Papo hapo mgeni akaagiza meneja azungushwe mashamba yote ya ngano, ndani ya kreti hilohilo, kuinua ari ya wafanyakazi. Kisha akamgeukia mtayarishaji.

"Binti, kichekesho hiki umekitunga wewe?"

Konsolata akatazama vidole vya miguu yake. Neno alilolibeba tangu siku ya kwanza ya ufagio likamtoka.

"Hapana, ndugu mgeni. Ndivyo alivyo kila siku. Tulikosa komeo tu."