Wadudu wa Tangi Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimechungulia tangini asubuhi. Miaka sita, na ajabu haijanitoka! Maji ya jalala yanaingia meusi, makali, yanawasha pua. Yanatoka na rangi ya asali. Kazi yote ya vijidudu wasioonekana kwa macho. Sisi tunawapulizia hewa tu, nao wanakula uchafu wa mji mzima. Nilifika mji huu na sanduku moja, miaka arobaini iliyopita, na bado naulizwa kwetu wapi. Wao hawaulizwi.

Tarehe 17 mkemia wetu ataamua nani apewe tangi jipya: mimi, au Fundi wa tangi namba moja. Fundi ananiita Mzee Kamusi, eti Kiswahili changu ni cha kitabuni. Leo kaja kuchungulia kwangu mara tatu. Anaiba siri!

Jumanne, 4 Machi
Nimempatia dawa. Bango, herufi kubwa nyekundu: HATARI! TANGI LINA WADUDU. Si uongo. Fundi akauliza kama ni kunguni. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu. Hakusogea tena karibu. Werevu wangu unanitisha.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mama wa usafi kaliona bango, kanionea huruma. Kamimina madumu mawili ya klorini, kisha akaja mbio na habari njema: wadudu wamekwisha wote, mzee wangu, kaa kwa amani. Nilimshukuru. Ningesema nini? Mwandiko ni wangu.

Povu limekufa. Harufu ya choo cha stesheni. Nimekaa ukingoni kama mfiwa. Mamilioni kwa mamilioni, na sikumjua hata mmoja kwa jina.

Alhamisi, 6 Machi
Maji yenye dawa nimeyatoa yote. Kisha nikanyemelea tangi la Fundi kuiba ndoo ya tope, maana humo ndimo wanamoishi. Kanikuta nimeinama. Nikasema nimedondosha miwani. Akasema miwani iko usoni, Mzee Kamusi, hebu lete hiyo ndoo. Akavuta bomba, akanijazia mapipa manne. Hakuuliza kitu. Hila hiyo, namjua.

Jumatano, 12 Machi
Wako hai! Nimejaza maji ya tangi kwenye gilasi ndefu, nikaiweka dirishani. Nusu saa. Tope la kahawia likashuka taratibu, kipande kwa kipande, kwa adabu, likaacha juu yake ile rangi ya asali. Wamebebwa kwa mapipa, wakamwagwa ugenini, na siku ya sita wanakula kama waliozaliwa hapa. Nikavua kofia. Mimi bado naota mlango wa nyumba nyingine. Machozi yalinitoka. Ni ule ukali wa maji.

Jumatatu, 17 Machi
Mkemia katazama kwa hadubini. Akasema wadudu wa matangi mawili wanafanana kama ndugu. Nikasema ajabu kweli! Fundi akakohoa. Tangi jipya kapewa yeye. Papo hapo akaomba nimsaidie kuwalea, eti mzee anawapenda kuliko sisi sote. Bado anatafuta siri, huyo!

Nimetundika bango jipya, la werevu zaidi: HAPA HAKUNA KIUMBE HAI. Sasa achungulie nini? Mama wa usafi kalisoma, kafurahi, akasema afadhali, alikuwa hajui pa kumwaga. Namwona anavuka uwanja na ndoo zake za maji ya sabuni. Mwanamke mchapakazi. Sijui anazipeleka wapi.