Kuhusu Njiwa Aliyekutwa Kwenye Mfuko Wangu

Bredäng, 17 Septemba 2009

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Wamuyu,

Amani kwako na kwa kamati nzima. Mimi Juvénal, baba yake Mélissa, nakuandikia kwa uchungu lakini kwa adabu, kupinga barua yenu ya kunifuta kwenye safari za chama chetu. Ukweli wa Jumamosi ile, kule shamba la kale palipokuwa nyumba ya watawa, ni huu:

1. Tulipofika kwenye mnara wa njiwa, yule mama Mswidi anayetembeza wageni alisema watawa hawakufuga njiwa kwa urembo. Waliwala, na mavi ya njiwa hao yakarutubisha bustani. Ndugu Édouard alitafsiri, sote tukasikia. Kisha mama akaongeza kwamba kazi ya wanaotunza pale sasa ni kudumisha desturi za mahali. Mimi ni mtu wa kutii.

2. Tena, sikumkamata njiwa. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa zizi la zamani nikila chapati za mke wangu, Béata. Njiwa alikuja mwenyewe, akala, akaingia mfukoni. Zipu niliifunga kwa sababu ya baridi.

3. Na hata kama nilimkamata, alikuwa anachechemea. Nilitaka kumpeleka kwa Béata, ambaye kwao Gitega alitibu kuku wengi, na baadhi walipona.

4. Basi lilikuwa halijaondoka uwanjani mfuko ulipoanza kunguruma. Wewe Mwenyekiti ukaniuliza mbele za watu, "Baba Mélissa, hicho nini?" Nikajibu, "Ni simu." Nilisema hivyo ili abiria wasipate hofu. Binti yangu akapiga kelele kwa Kiswidi, "Pappa, nej!" yaani baba, hapana, akahamia kiti cha mbele. Watu walicheka mpaka tunashuka. Leo ni siku ya tano mtoto hanisemeshi, si kwa Kiswahili wala kwa Kiswidi. Njiwa mlimrudisha mnarani palepale. Mimi nani atanirudishia mtoto?

5. Kwa hiyo naomba barua yenu ifutwe, na kamati ije kwangu iniombe radhi Mélissa akiwa anasikia. Aidha, kwa kuwa mnara ule una matundu zaidi ya mia na njiwa hawafiki kumi, chama kiniombee kazi ya kuwa mlezi wao. Wanaozunguka pale na funguo hawajui hata njiwa anapenda chapati.

Mfikishie salamu Mzee Bethuel, na dada Milcah aliyetupikia chai. Waambie sina kinyongo, hata na Édouard, ingawa alicheka kuliko wote.

Ni mimi, mwanachama wenu niliyeonewa,
Juvénal

Nyongeza: Wale wa mnarani wakihesabu njiwa wakaona amepungua mmoja, wasihangaike. Yule wa pili, aliyekuwa ndani ya koti, ni mzima, yuko kwenye balkoni yetu, na leo asubuhi ametaga yai. Sasa hivi Mélissa ameniuliza litaanguliwa baada ya siku ngapi. Kwa hiyo ile safari ijayo, nendeni tu bila sisi.