Taka Rasmi za Uzinduzi

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba usafi wa hiari wa ufukwe na wa chini ya bahari ni marufuku hadi utakapozinduliwa na Mheshimiwa. Taka zilizopo zibaki zilipo, kwa utulivu.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Mratibu Mwandamizi wa Kujitolea. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayejitolea kiholela.

Bahati mbaya, kinara wa wakaidi alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Siku za kazi ni fundi wa friji. Jumapili anakusanya wenzake, wanavaa miwani na mapezi ya mpira, wanazama kuopoa nyavu chakavu na matairi. Hawana kibali, hawana posho, hawana hata mwenyekiti. Ikabidi niwanyang'anye vifaa na kuvifungia kabatini ofisini kwangu, ng'ambo ya barabara ya ufukweni.

Alinifuata hadi mezani, bisibisi mfukoni.

"Kaka, nipe mapezi yetu."

"Usafi haujazinduliwa."

"Kwa hiyo kasa akimeza mfuko leo, kameza kabla ya wakati?"

Nilimwambia asilete utani wa nyumbani kwenye ofisi ya watu. Mapezi yangetoka Mheshimiwa akishaokota taka ya kwanza mbele ya kamera, nami ningetoka hapo mkurugenzi. Kiti chenyewe nilishakijaribu mwenye nacho akiwa likizo. Kinanienea.

Asubuhi ya uzinduzi tukakuta hujuma: ufukwe mweupe pe. Mdogo wangu na genge lake walikuwa wameupitia kwa mikono mitupu, hata kizibo hawakubakiza. Mheshimiwa angeokota nini, mchanga?

Kamati ilikaa chini ya turubai, ikanywa chai, ikaazimia taka ziletwe. Lakini taka za mtaani zina vijidudu, na Mheshimiwa ana mikono laini. Tukachukua taka rasmi stoo kwetu: mabango mazito ya plastiki ya kampeni ya mwaka jana, tuliyochapisha mengi kuliko nguzo za kuyatundika. Tukayafuta vumbi, tukayatandaza. Kwa kuwa kila bango lilikuwa na uso wa Mheshimiwa, tuliyalaza kifudifudi, kwa heshima.

Mheshimiwa alichelewa, kama cheo chake kinavyodai. Maji ya bahari hayana cheo. Yalijaa kwa wakati wake, yakazoa mabango yote, yakaenda kuyazamisha.

Ving'ora vya msafara vikaanza kusikika. Nikavuka barabara mbio, nikafungua kabati, nikarudi na vifaa ufukweni, mdogo wangu na genge lake walipokuwa wamesimama kutazama.

"Mdogo wangu, chukueni mapezi. Mkaopoe."

"Mangapi?"

"Yote."

"Una hakika, kaka? Sisi tukianza hatubakizi."

"Hayo ni maelekezo."

Alinitazama kama anavyotazama friji iliyokufa. Kisha wakazama.

Mheshimiwa alisogea ukingoni amevaa glovu nyeupe. Kamera nazo zikasogea. Wazamiaji wakaibuka, wakamwaga mzigo mbele ya viatu vyake. Bahari haijui itifaki: nyuso zilikuwa juu, zote zinatabasamu, mmoja una mwani puani. Chini yake imeandikwa: BAHARI SAFI NI AHADI YANGU.

"Hizi ndizo taka za huko chini?" mwandishi wa habari akauliza.

"Ndizo," mdogo wangu akajibu. "Mratibu kazithibitisha."

Mheshimiwa akanigeukia. Mwongozo, niliouandika mwenyewe, uko wazi: mgeni rasmi haondoki kabla ufukwe haujawa safi, na anayeokota taka haruhusiwi kuirudisha baharini. Akainama kwenye bango la kwanza. Akajishika shingoni, akajikung'uta mchanga, akajikunja, akajitumbukiza kwenye mfuko. Umati ukapiga makofi marefu kuliko ratiba ilivyoruhusu.

"Bado uko mwingi, Mheshimiwa," mdogo wangu akasema kwa adabu, akimkunjulia mfuko mwingine.

Kamera hazikuondoka, kwa hiyo naye hakuondoka. Alijiokota hadi jioni. Mimi niliamriwa kumshikia mfuko, na cheo hicho ndicho ninacho mpaka leo.