Viazi Vilivyotoa Povu

Jumatatu, 3 Machi

Shajara, hujambo? Sisi hatujambo. Baba watoto hajambo, goti tu. Mama mkwe hajambo na anakusalimia, ingawa hajui kama upo. Binti yangu wa maabara hajambo, kitinda mimba hajambo, paka hajambo. Wifi naye hajambo, na hapo ndipo penye shida.

Kaja na karai lake hadi geti la zahanati, ubavuni kwangu ninapokaangia! Chipsi kwa chipsi! Wateja wangu wote kwake. Eti zake laini.

Leo nimempelekea binti chakula maabara. Nikachungulia dirishani. Kachota kitu kwenye kisahani, kakipaka kwenye kioo, kadondoshea dawa. Povu! Nikamuuliza nini hicho. Akasema bakteria. Na dawa yenyewe ni ileile ya kusafishia vidonda. Ninayo kabatini!

Nimepata wazo. Mungu nisamehe.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea wifi mbele ya foleni yake. Nikatangaza vipimo. Tone moja kwenye viazi vyake vilivyomenywa. Povu likafoka! Nikapaza sauti: bakteria! Foleni ikatawanyika. Raha niliyoisikia!

Wifi akashika kiuno. Haya dokta, pima na vyako.

Nikapima, kwa madaha.

Povu. Kubwa kuliko lake.

Sikuuza hata sahani moja. Wala yeye.

Jumatano, 5 Machi

Nyumba nzima imekula viazi hivyo! Mama mkwe kakohoa. Baba watoto kauliza mbona namshikashika paji la uso. Nikamwambia mapenzi. Akaogopa zaidi.

Nimeshindwa kuvumilia, nimemwambia binti yote, nalia. Kacheka mpaka kakaa chini. Mama jamani! Kumbe kiazi kibichi chenyewe hutoa povu, hata kiwe safi vipi; kikiiva hakitoi tena. Wao huotesha bakteria kwanza kwenye kisahani, ndipo wadondoshee. Na povu halisemi huyu mbaya au mzuri, linasaidia tu kujua ni wa kundi gani.

Hakuna anayekufa! Nimemkumbatia mama mkwe. Kalalamika nimemvunja mbavu. Mbavu zitapona!

Alhamisi, 6 Machi

Binti kaja getini, kachukua chipsi iliyoiva, yangu na ya wifi, kadondoshea mbele ya watu. Kimya. Hata kipovu kimoja hakikutoka. Kazitupa, kacheka, kaondoka. Wateja wamerudi! Nikamwomba wifi radhi. Akasema dokta, nipe chumvi. Tumecheka hadi machozi. Roho yangu nyeupe.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni ya wifi imeizidi yangu tena.

Ila binti kataja dawa nyingine. Wakiwadondoshea bakteria fulani wa tumboni, inafanya pete nyekundu juu. Pete nyekundu! Hapo hachomoki mtu. Kesho naanza na sosi yake ya nyanya.

Ila pete nyekundu, kwenye sosi nyekundu, nitaionaje? Shajara, hilo nakuachia wewe. Nijibu upesi, kabla wifi hajawasha jiko.