Ombi la Kucheleweshewa Barua Zangu

Kwa Bwana Bokungu Christophe,
Mkuu wa ofisi ndogo ya posta ya mtaa wetu,
Kamina.

Mheshimiwa Bwana Mkuu,

Mapadre walionifundisha kuandika walisema kwamba mwenye lalamiko hutanguliza shukrani, kama mgeni anavyotanguliza hodi. Basi nakushukuru kwa kivuli cha baraza yako, kwa benchi lako, na kwa wino wa muhuri wako, ambao naupenda kuliko inavyomfaa mgane wa umri wangu. Sasa naomba radhi, maana nitakusumbua.

Kama ujuavyo, mimi hukusanya stempu za zamani na bahasha zilizosafiri. Marehemu mke wangu Kapinga, Mungu amrehemu, alinivumilia hata siku alipokuta stempu zangu zimelowekwa katika sufuria yake ya kupikia sombe, yaani kisamvu. Katika albamu yangu kila ofisi ya posta ya upande wetu ina ukurasa wake. Ukurasa wa Kabongo ni mtupu. Ninachotamani kabla sijafumba macho ni bahasha moja nzima yenye muhuri wa Kabongo, wa mviringo, unaosomeka. Ndiyo sababu, na ndiyo sababu pekee, ninaandikiana na Mama Phébé, mjane wa huko, mwalimu mstaafu, ambaye kwa hisani yake hunijibu. Yaliyomo ndani ya barua hizo si kitu: mvua, karanga, mafua yake, kisa cha ile sufuria, na katika ile yangu ya mwisho, swali dogo. Muhimu ni bahasha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Barua zangu zinafika upesi mno. Binti Yasmina, mfanyakazi wako wa dirishani, hana imani na mfuko wa posta. Akiiona bahasha yangu, humwita kaka yake Ismaeli, mwenye pikipiki ya abiria, naye huipeleka Kabongo na kurudi na jibu. Nilipomwuliza kwa upole sababu yake, alinijibu mbele ya foleni: "Papa Kalenga, mama ya bantu iko anangoja kule, na weye unataka barua ilale hapa na mende?" Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka, kwa adabu. Najua kwamba kwetu msafiri hakatai kubeba barua ya mtu. Ni desturi njema, na sina ugomvi nayo. Ila inaua mihuri. Barua iliyobebwa mkononi haigongwi kitu, na bahasha isiyogongwa ni karatasi tu.

2. Stempu ninayobandika, binti huyo huibandua kwa mvuke wa chai yake na kunirudishia nikipita tena: "Tembre yako njo hii, Papa. Haikufanya kazi, utaitumia tena." Uaminifu wa namna hii, Bwana Mkuu, unaumiza.

3. Lalamiko hili nimelifuta. Lilihusu kofia ya Ismaeli, na halikuwa la haki.

4. Nilijaribu hila, naomba msamaha. Niliandika juu ya bahasha jina la mtu asiyekuwapo, ili irudi na ule muhuri wa "hajulikani" ambao sisi wakusanyaji huuonea wivu. Ikafika kwa Mama Phébé kabla jua halijatua. Ismaeli hakuona aibu yoyote: "Papa, minyi najua mukono yako. Kule Kabongo weye unaandikaka nani mwingine?" Basi nikajiandikia mimi mwenyewe. Yasmina akasoma anwani, akaninyooshea bahasha palepale dirishani. "Kamata, Papa. Usichoke bure."

5. Kwa hiyo naomba rasmi unicheleweshe. Wiki chache zingetosha. Miezi ingenipa heshima. Ikiwezekana, barua yangu itangulie Sanga, ambako haina shughuli, ipumzike kando ya Ziwa Kisale, ndipo ianze safari ya Kabongo, na jibu lirudi kwa njia hiyohiyo. Na kwa kuwa bahasha zilizookolewa majini ni azizi kuliko zote, nisieleweke vibaya: siombi mtumbwi uzame, wala mtu alowe. Naomba tu mfuko wa barua uteleze kidogo, mahali pasipo na kina, mbele ya shahidi mwaminifu.

6. Ikiwa hayo ni mazito, basi Binti Yasmina apandishwe cheo, tena kikubwa, katika ofisi ya mbali ambako hakuna amjuaye mwenzake. Mahali pake umweke mtu mvivu. Hawakosekani mjini. Nina mpwa wangu ninayeweza kumsifu bila kusema uongo.

Nisamehe kwa urefu wa maneno. Nyumba yangu ni kimya, na kalamu imezoea kuongea. Nisalimie mkeo na watoto, mlinzi wa lango, watu wote wa foleni walionicheka, na Binti Yasmina mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye hata kidogo.

Ni mimi mtumishi wako wa benchini,
Gaspard Kalenga

Nyongeza. Wino haujakauka, na Ismaeli ameingia uani na bahasha. Mama Phébé alikwenda mwenyewe posta ya Kabongo, akasimama hapo mpaka wakaigonga muhuri, ili mimi nifurahi, ndipo akampa Ismaeli ailete. Muhuri ulikuwa wa mviringo, ulisomeka. Nasema ulikuwa, kwa sababu bahasha niliipasua kwa meno. KABO iko mezani. NGO siioni, na kuku mmoja ananitazama vibaya.

Jibu la swali dogo ni ndiyo. Anauliza tu kama ile sufuria imeoshwa.

Kwa hiyo, Bwana Mkuu, nakusihi ufute la kwanza, la pili, la nne, la tano na la sita. Yasmina asihamishwe hata hatua moja. Mpwa wangu msahau. Jibu langu Ismaeli amelitia kifuani, pikipiki inanguruma, na nimemwomba asisimame njiani hata kwa kunywa maji. Barua hii yako ndiyo isiyo na haraka. Naitumbukiza katika sanduku la posta. Ukipenda, ipitie Sanga.