Thelathini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Siri nimeipata! Miaka yote kwenye mchezo wa kurusha vishale ubaoni naongoza kwa pointi, halafu shemeji, kaka wa mke wangu, ananipita mwishoni. Leo nimejibanza nyuma ya mlango wa klabu, nikamsikia akimfundisha mtu. Unaanza na mia tano na moja, unapunguza, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye pete nyembamba ya nje, ile inayozidisha mara mbili. Basi ujibakizie thelathini na mbili. Unalenga pete hiyo penye namba kumi na sita, mara mbili yake ndiyo thelathini na mbili. Ukikosea kwa ndani, unapata kumi na sita tupu, imebaki kumi na sita, unahamia pete ya nane, jirani tu. Namba yenye huruma! Jumamosi fainali, na mshindi ndiye kapteni wa timu. Shemeji ajiandae.

Jumanne, 5 Machi
Nimetundika ubao chumbani. Juu kuna rafu ya mabegi, nikaushusha kidogo. Mke wangu akasema nipime kwa futi, urefu uwe kama wa klabu, kwani mimi si fundi cherehani? Nikamjibu jicho la fundi halihitaji futi. Akaguna.

Alhamisi, 7 Machi
Pete ya kumi na sita naipiga hata nikipiga mswaki! Wateja wanalalamikia suruali zao. Nimewaambia haraka haraka haina baraka. Nimeshona jezi, mgongoni KAPTENI kwa uzi wa dhahabu. Mke akauliza, kaka yake akishinda je? Nikacheka mpaka sindano ikanichoma.

Jumamosi, 9 Machi
Fainali! Nimebakiza thelathini na mbili. Shemeji naye vilevile. Zamu yangu. Kishale cha kwanza: ukutani, chini ya ubao. Cha pili: ukutani. Cha tatu: kando ya cha pili kabisa. Shemeji akakosea kwa ndani, akahamia nane, ikaingia. Wakambeba juu juu. Nimemkabidhi jezi kwa mkono wangu. Imemkaa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Njiani mke wangu akaniambia taratibu, "Ungepima tu, mume wangu."

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari. Vishale vitatu, sehemu moja! Huo si mkono wa mtu anayekosea. Kosa ni la klabu, wametundika ubao juu mno. Kesho mlinzi akienda kunywa chai, naingia na nyundo, naushusha. Futi naiacha nyumbani. Jicho ninalo.