Dereva wa Kampuni ya Ponsiano

Ponsiano alimwona mgeni kabla mgeni hajamwona yeye, na hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake kwa watu wote wa Korogwe. Mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amevaa koti la jeshi lililokatwa mikono. Aliingia katika mgahawa wa Mama Yuditha pale Manundu, akaagiza chai na muhogo, kisha akauliza swali lililomfanya Ponsiano aache kutafuna.

"Mama, samahani. Kampuni za malori hapa mjini ni nyingi. Ipi ni nzuri kwa dereva?"

Sasa ni lazima msomaji ajue jambo moja ambalo Ponsiano alilificha kama kidonda. Alikuwa na lori. Bedford kuukuu lililotumika jeshini wakati wa vita, alilipata kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge kwa njia ambazo hazifai kusimuliwa mbele ya watoto. Lakini kuendesha hakujua. Siku alipojaribu, alivunja ua wa misheni na kuku wa padri wakahamia Kilole. Kwa hiyo alihitaji dereva, na kwa kuwa alikuwa Ponsiano, alihitaji dereva wa bure.

Njia yake ilikuwa safi. Alijiita mkurugenzi wa Kampuni ya Raha Safarini, na kila dereva aliyetaka kazi alipewa safari za majaribio kwenda Handeni na kurudi, lori limejaa mahindi ya wafanyabiashara. Majaribio yakikaribia mwisho, mkurugenzi alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa na kusema, "Ndugu yangu, breki unazikanyaga kwa hasira mno." Ernesti alianguka mtihani huo. Matayo naye alianguka. Mahindi, hata gunia moja, hayakuanguka.

"Mzee, karibu hapa," Ponsiano akasema, akivuta benchi. "Umeuliza kampuni nzuri, na Mungu amekuleta moja kwa moja kwa mwenye nayo."

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Mdoe, Mzigua wa Handeni, na kwamba kuendesha lori alianzia jeshini. Kisha akaanza kumhoji mkurugenzi kama mjomba wa binti anayeposwa.

"Gari likiharibika porini, dereva anakula nini?"

"Wali kwa nyama."

"Porini?"

"Tunautanguliza."

"Mzigo ukizidi na polisi wakatusimamisha, anayekwenda kituoni ni nani?"

"Mimi mwenyewe. Nalipenda sana lile jengo."

Mdoe alitabasamu kidogo. Ponsiano, akiona samaki amegusa chambo, akakunjua habari ya majaribio. Hapo tabasamu likafutika.

"Jaribio sifanyi," Mdoe akasema, akiinuka. "Nimejaribiwa na vita. Siku hizi mimi ndiye ninayejaribu kampuni."

Mahindi ya mfanyabiashara wa Handeni yalikuwa yanangoja tangu juzi. Katika haraka ile Ponsiano alishika neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Kaa chini wewe Mzigua! Nani aliwadanganya kwamba mnajua kuendesha? Ninyi kazi yenu kuwinda panya. Nakuambia mimi Mnyamwezi, mtani wako!"

Mgahawa mzima uligeuka. Mnyamwezi hakuwa. Baba yake alikuwa Mbena aliyeletwa kukata mkonge Mazinde, na neno la Kinyamwezi alilolijua lilikuwa moja tu, mwangaluka, la salamu ya asubuhi, ambalo alilitumia hata jua likizama. Lakini Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani si mzaha wa kupita. Mtani akikutukana unacheka. Akikunyang'anya kuku wako mbele za watu, unacheka, na ukinuna wewe ndiye unayeonekana mshenzi.

Uso wa Mdoe ukachanua. "Kumbe! Mnyamwezi uliyekuja kwa miguu toka Tabora na jino la tembo kichwani, lori umelijulia wapi?"

Watu wakapiga meza. Mama Yuditha alicheka mpaka birika likamponyoka. Jioni ile ile Mdoe alishika usukani.

Ikawa raha tupu. Mdoe aliendesha lile Bedford kwa upole wa mtu anayemwogesha mtoto, akalitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akalipenda. Kila alipotaja mshahara, Ponsiano alihakikisha watu wapo karibu, kisha akapaza sauti: "Tangu lini watani wakadaiana? Mzigua huyu ana tamaa!" Watu wanacheka. Mdoe naye anacheka, ingawa kila safari kicheko chake kilichelewa kidogo zaidi. Asubuhi moja alimsemesha mkurugenzi Kinyamwezi kirefu, alichojifunza kwa wenzake wa jeshini. Ponsiano alijibu, "Mwangaluka." Mdoe akatia gia.

Siku ya gulio Handeni, Ponsiano aliingia dukani kuzungumza na mwenye mahindi. Alipotoka, mahali pa lori palikuwa na mbuzi. Bedford lilikuwa linazunguka gulio taratibu, honi inalia, na Mdoe amechomoza kichwa dirishani.

"Jamani, shuhudieni! Nimemnyang'anya mtani wangu Mnyamwezi lori lake! Ni langu!"

Wanawake walipiga vigelegele. Ponsiano alikimbia nyuma yake akipiga kelele za mwizi, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo gulio lilivyozidi kufurahi, maana lilidhani ni sehemu ya utani.

Akaenda kwa Jumbe Sadala, mzee mkavu aliyekuwa akisikiliza mashauri barazani. Alilia kweli, machozi ya haki. Lori lile lilikuwa kila kitu alichokuwa nacho duniani. Bila lori hakuwa mkurugenzi, alikuwa mtu tu mwenye maneno mengi.

"Utani una mpaka, mzee wangu," akasema. "Kuku sawa. Lakini lori!"

"Mpaka aliuweka nani?" Jumbe akauliza. "Huyu alikutumikia bila mshahara kwa kuwa ni mtani, na watu wa Korogwe wanasema ulicheka. Au wanasingizia?"

"Nilicheka."

"Vema. Basi nakuuliza neno moja. Mdoe ni mtani wako au si mtani wako? Kama si mtani, lori nakurudishia sasa hivi."

Ponsiano alifungua mdomo. Moyo ulimruka kwa furaha.

"Lakini kama si mtani," Jumbe akaendelea, "basi ulimtumikisha mtu kwa uongo, naye askari wa Bwana DC amesimama pale. Atapenda kujua kama wako wengine."

Ponsiano akageuka. Nyuma ya baraza, wamekunja mikono, walisimama Ernesti na Matayo, wale madereva walioanguka majaribio. Mdoe alikuwa amewabeba toka Korogwe, wamelala juu ya magunia, chini ya turubai, na mkurugenzi amekaa mbele akipiga mluzi.

Alimtazama askari, na pingu kiunoni mwake. Kisha akatazama nje, Bedford limeoshwa, linang'aa.

"Ni mtani wangu," akasema.

"Sikusikii."

"Ni mtani wangu!"

"Mbona umenuna?"

Baraza zima lilikuwa linamngoja. Ponsiano akacheka. Alianza polepole, kama gari lenye betri mbovu, kisha kicheko kikawaka. Alicheka akajishika mbavu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. Mdoe alipowasha lori na kuondoka na madereva wake wawili, bado alikuwa anacheka, na wazee wa Handeni walimpiga mabegani kwa mapenzi wakisema hawajapata kuona Mnyamwezi mwenye moyo mzuri namna ile.